Tulivyokwenda Wampembe Kutetea Kiti cha Kocha Anselmi

Jamani, mmenichosha kwa maswali. Mmoja ananidaka sokoni, mwingine ananisimamishia baiskeli katikati ya barabara, wa tatu anapiga simu kutoka Mpanda: Pankrasi, ni kweli uliuza mechi? Nimeamua kuandika mara moja. Kila mtu asome, halafu mniache nilime.

Kwa asiyemjua, Kocha Anselmi ni Mfaransa. Alikuwa beki wa kati wa timu ya taifa ya kwao, enzi za kaptula fupi. Magoti yalipochoka akageuka kocha, akafundisha timu nne, na zote nne zikamfukuza. Hapa kijijini kwetu Kasense alikuja kumtembelea dada yake, Sista anayeuguza kwenye zahanati ya parokia, akasema atakaa mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa tatu. Na kwa kuwa kina Anselmi tunao tele Ufipa, tulimzoea upesi.

Kabla yake, kocha wa Chapakazi, timu yetu ya kijiji, nilikuwa mimi. Kamati ilipomkabidhi timu, mimi nikafanywa msaidizi wake. Nilimeza, lakini sitawadanganya kwamba kilikuwa kitu kitamu. Msimu huu timu ikayumba, tukabaki na mechi moja ya mchujo, marudiano na Wampembe kwao, ziwani. Hapa nyumbani tulikuwa tumetoka suluhu bila bao. Atakayefungwa kule anashuka daraja. Mwenyekiti wetu, Mzee Krispini, akatamka mbele ya watu wote: timu ikishuka, Mfaransa anafungasha, Pankrasi anarudi kwenye kiti chake.

Mnaona nilivyowekwa? Napelekwa vitani, na tukishindwa zawadi napewa mimi. Nilijua wapo watakaonitazama kila hatua. Basi nikamwambia mke wangu, Gaudensia, kwamba timu hii itafika Wampembe kwa wakati, hata kama nitaibeba mgongoni. Akanijibu, "Anza kwa kubeba sweta, huko njiani kuna baridi."

Kasense hadi Chala

Tuliondoka Ijumaa asubuhi na lori la Fuso la mfanyabiashara wa dagaa. Dereva alikuwa Osiwadi, kijana mnene asiyependa kuharakishwa. Lori linapanda na dagaa kutoka ziwani, linashuka na mahindi, kwa hiyo wachezaji walikaa juu ya magunia, harufu ya samaki ikitupanda kichwani kabla hatujaliona ziwa. Kocha alipewa kiti cha mbele akakikataa. Tulimpandisha nyuma kwa kumsukuma matako, mzee wa miaka sitini na kitu, naye anacheka.

Huko juu ya magunia ndiko alikotusimulia habari zake. Kiswahili chake amekiokota mashambani, hakina viungo, lakini kinaeleweka. Alisema utotoni wenye mbio walipelekwa mbele, wenye akili katikati, yeye akaachwa nyuma na golikipa. Siku ya kwanza kuitwa timu ya taifa ni kwa sababu mabeki wawili waliumwa tumbo.

"Mimi cheza dakika zote," alisema. "Kesho yake, gazeti hakuna jina langu. Hata moja. Baba yangu furaha sana. Sema, beki jina lake hakuna gazetini, basi kazi yake nzuri."

Vijana wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Chala tulisimama kula. Mama wa pale mgahawani alitupakulia ugali wa ulezi na maharage, kisha akatoka mbio. Akarudi na mkate na kijiko, akamtengea Kocha meza peke yake karibu na dirisha.

"Mama, hapana," Kocha akasema. "Mimi ulezi."

"Baba, huu utakufunga tumbo, hujauzoea."

"Mimi Mfipa wa Kasense!"

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Yule mama akaona kama amemkosea mgeni, na sasa ikawa hakuna kuondoka. Akampakulia, akamwongeza, akataka kumwona akimaliza, kisha akachoma mahindi ya njiani. Nilisimama mlangoni nimeshika kofia kama mdai. Saa nzima ikaenda kwa heshima tu.

Tulipoiacha lami

Mvua za mwisho zilikuwa zimeifanya barabara ya vumbi kuwa uji. Saa tisa alasiri gari likazama mpaka ekseli, mita chache kutoka kwenye kanisa dogo la kigango. Tukashuka, tukasukuma, likazidi kuzama. Watu wazima kumi na wanane tukapakwa matope mpaka masikioni.

Ndipo nikasikia kengele. Mtu alikuwa akigonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na watu wakaanza kutoka mashambani: kina mama wanajifunga vitenge safi, wazee wamevaa makoti. Katekista alifika wa kwanza, mzee mfupi mwenye daftari kwapani. Akampita kila mtu, akaenda kupiga magoti mbele ya Kocha.

"Tumsifu Yesu Kristu, Padri. Tangu Pasaka hatujapata Misa."

Kocha hakujua la kufanya na mikono yake, akaificha mgongoni. Akanitazama mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatazama ule umati, watu kama hamsini wenye mikono yenye nguvu, kisha nikatazama gari.

"Mzee wangu," nikasema, "kwanza tulitoe gari kwenye njia, halafu tuzungumze."

Walisukuma huku wakiimba wimbo wa kumpokea padri. Fuso likatoka kama jino bovu. Hapo ndipo nikamvuta katekista pembeni nikamweleza kwamba huyu si padri, ni kocha wa mpira, na sisi ni timu ya Kasense. Nilitaka ardhi inimeze, kwa sababu nilimwona mama mmoja amekwisha kumsogeza mtoto wake mchanga ili apewe baraka.

"Ungesema mwanzo, mwanangu, tungesukuma vile vile," katekista akaniambia. "Sasa umetufanya tumwimbie bure."

Sijawahi kusutwa kwa upole namna ile. Lakini hakuishia hapo. Osiwadi alikataa kushuka mteremko jioni, na yule mzee akatufungulia kanisa tukalala juu ya mikeka, baada ya kutuletea viazi vya kuchemsha. Kocha aliombwa aseme lolote, maana watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Akasimama akawafundisha jinsi mabeki wawili wanavyopaswa kusogea pamoja, akitumia viazi. Waliitikia "Amina."

Kwenye mteremko

Jumamosi asubuhi tuliliona ziwa chini, mbali, limelala kimya. Joto likaanza kupanda kutoka bondeni, masweta yakavuliwa. Mechi ilikuwa saa kumi. Kanuni inajulikana: ukipita nusu saa, umepoteza.

Kwenye kona ya tatu barabara ilikuwa imeliwa na maji. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili korongo, na pale katikati pengo la kuingia ng'ombe mzima. Osiwadi akazima injini, akatandika kanga yake chini ya gari.

"Mwalimu, hapa tunasubiri. Kuna trekta huwa linapita jioni."

"Jioni saa ngapi?"

"Jioni. Likipita."

Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikwenda nikakaa juu ya jiwe, peke yangu, na kwa muda wa kama dakika moja nikaona raha. Hakuna ambaye angenilaumu. Mvua ndiyo iliyokata barabara, dereva ndiye aliyekataa, timu ingepoteza ikiwa njiani, na wiki ijayo kiti kingekuwa changu bila mimi kuinua kidole. Nilijiona nimeshakaa. Kisha nikamwona Kocha anashuka kwenye lile pengo kwa makalio, magoti yale mabovu, anapima upana wake kwa hatua. Nikaona aibu, nikainuka na hasira ambayo sijui ilikuwa ya nani.

Chapakazi wote ni wakulima. Juu kidogo ya barabara kulikuwa na watu wanalima, tukaazima majembe sita. Nikawaambia vijana tufanye kama matuta yetu ya nyumbani: kata bonge la udongo pamoja na nyasi zake, ligeuze nyasi ziwe chini, panga, shindilia, weka jingine juu. Kila Mfipa ameyafanya hayo tangu anajifunza kushika jembe. Mawe yakatangulia, mabonge yakafuata. Kocha alibeba mabonge kifuani kama mtoto mchanga, shati lake jeupe likawa halitamaniki. Kwa saa tatu hakuna aliyezungumza habari za mpira.

Osiwadi akaja akakanyaga kwa mguu mmoja, akaruka ruka. "Hili ni tuta la kupanda maharage," akasema.

"Lipite, ukapande maharage mbele ya safari," nikamjibu.

Akapita, amefumba jicho moja. Sote tulibaki nyuma tumeshikana mikono. Tuta lilikaa.

Wampembe, Jumamosi

Tuliingia Wampembe saa tisa na nusu. Nilishuka nimejaa kiburi. Nilimwambia Kocha, "Nimekufikisha," naye akanipiga bega. Tukavaa jezi nyuma ya gari, tukakimbia uwanjani, ambao uko hatua chache tu kutoka majini.

Mwamuzi alikuwepo na mpira wake kwapani. Wachezaji wa Wampembe walikuwa watano, wamekaa chini. Mmoja alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi, nzi wanamtembelea. Saa kumi ikafika, wakabaki watano. Saa kumi na robo, watano. Nahodha wao, Hamisi, mwanamume wa miaka thelathini hivi, magamba ya samaki yamemkaukia mikononi, alinyanyuka akaja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ndiye Mwalimu Pankrasi uliyepanga tarehe?"

"Ndiye."

"Umetuweza, kaka. Umetuchagulia giza."

Sikumwelewa. Ni kweli tarehe niliipanga mimi. Wakubwa wa ligi waliniuliza, kwa kuwa sisi ndio tungesafiri, nami nikachagua Jumamosi ambayo palizi imekwisha na mnada haupo. Nilidhani nimefikiria kila kitu.

Hamisi akaniangalia, akaona kwamba kweli sijui. Akapoa kidogo. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mkubwa. Mwezi ukijaa, wavuvi wanakaa nyumbani, wanashona nyavu, wanacheza mpira. Mwezi ukipotea, ndiyo giza, kila mwenye mikono yuko ziwani usiku kucha, na mchana ni kuanika na kulala. Wenzake wawili walikuwa bado majini wanarudi. Wengine wamelala, na ukiwaamsha hawasimami.

"Kwa nini hamkusema?" nikamuuliza.

"Tulijua mmefanya makusudi. Tukasema, wacha waje, Mungu anaona."

Nimeishi miaka arobaini na sita Ufipa. Najua mwezi wa kupanda, wa kupalilia na wa kuvuna. Ule wa angani sikuwahi kuufikiria hata siku moja.

Nusu saa ikatimia. Mwamuzi akatoa karatasi na kalamu. Timu isiyofikisha wachezaji saba imepoteza, Chapakazi washindi, makocha wasaini. Vijana wetu wakaanza kurukaruka. Kocha akaichukua ile kalamu.

"Tusubiri," nikasema. "Tucheze kesho, walale kwanza."

Vijana wangu, niliowafundisha wengine tangu darasa la nne, waliniangalia kama mgeni. Beki wetu wa kushoto ndiye aliyesema waziwazi: "Mwalimu, unataka tufungwe ili upate timu."

Nikamwambia hapana. Hakuniamini, na kusema kweli, pale pale hata mimi nilijitafuta ndani nione kama anasema kweli. Nilikuta aibu ya ile tarehe. Nilikuta pia lile jiwe la kwenye kona, na jinsi nilivyoona raha. Sikuweza kuapa.

Kocha akanivuta kando.

"Pankrasi. Kesho sisi fungwa, wewe kocha. Wewe najua?"

"Najua."

"Kwa nini basi?"

"Kwa sababu kosa ni langu. Nimewafungia watu mlango halafu nishangilie kwamba hawakuingia?"

Alikwenda mpaka majini na kalamu mkononi. Kina mama walikuwa wanageuza dagaa kwenye mchanga. Mtumbwi mmoja ulikuwa unaingia, na watu waliomo walikuwa wanapiga kasia huku vichwa vinaanguka kwa usingizi. Aliwatazama muda mrefu. Kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa riziki yake, na kupendwa kwake pale Kasense, na dada yake pia. Akarudi, akampa mwamuzi kalamu yake.

"Kesho," akasema. Mwamuzi akakunja karatasi yake, akasema makocha wakikubali naye anakubali. Kocha akanigeukia. "Mimi kufukuzwa najua. Mara nne. Si ngumu."

Hamisi alisikia yote. Akaenda kwa wenzake, wakazungumza kwa Kifipa cha ziwani, kinachokata maneno tofauti na chetu. Akarudi akatuambia kwamba usiku ule timu yao haitaingia ziwani. Usiku mzima wa giza, waache dagaa wapite. Mimi sasa najua maana yake, na wala sikuthubutu kumshukuru.

Walitulaza kwenye shule. Chakula kilikuwa migebuka, samaki wa ziwani, ya kuchoma na ugali wa muhogo. Vijana wetu wa mahindi na ulezi waliuvuta ule ugali, ukavutika, wakautazama kwa mashaka. Hakuna aliyekaa karibu yangu. Kocha ndiye aliyekuja na sahani yake, akanitolea miba ya samaki wangu, kwa kuwa aliona nashindwa.

Wampembe, Jumapili

Tulicheza baada ya Misa, padri halisi akiwa mmoja wa watazamaji. Waislamu na Wakristo wa kijiji kizima walizunguka uwanja. Wampembe walikuwa kumi na mmoja na akiba wanne, wamelala, wameoga, na walikimbia kama watu waliofunguliwa kamba.

Mabeki wetu walicheza alivyowafundisha Kocha, wakisogea pamoja mmoja akitoka mwingine akiziba. Dakika themanini walizuia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na wale waliodhani naombea tufungwe nawaapia, sijawahi kuitaka mechi kama ile. Kisha ikaja kona. Hamisi akaruka juu ya watu wote na kichwa chake kikakutana na mpira. Moja bila.

Filimbi ya mwisho ilipolia, beki wetu wa kushoto alikaa mchangani akalia. Nilimwendea, akanipa mgongo. Kocha alimpa mkono kila mchezaji wa Wampembe, mmoja mmoja, kisha akaja akakaa karibu na yule kijana mpaka akamaliza kulia.

Walitupakilia gunia la dagaa. Hamisi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Msimu mwingine, Mwalimu, unipigie simu mimi kwanza," akasema.

Kasense

Kurudi hakukuwa na hadithi. Tuta letu lilikuwa bado limekaa, Osiwadi akalipita bila kufumba jicho. Juu ya magunia watu walilala au walijifanya wamelala.

Habari zilikuwa zimetutangulia. Jumanne kamati ikaketi kwenye darasa la katekesi, na watu wamejaa madirishani. Mzee Krispini hakuzunguka. Alimshukuru Kocha Anselmi kwa utumishi wake, akamtakia safari njema ya kurudi kwao, kisha akanigeukia mimi.

"Pankrasi, chukua kiti chako."

Watu wakaguna. Kocha akasimama kabla yangu.

"Kuamua kusubiri, mimi," akasema. "Pankrasi hapana. Kalamu mimi nashika, mimi narudisha."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mtu mzima amefungashwa mizigo, halafu anasimama kunikinga mimi! Nikaenda mbele, nikasema yote. Tarehe niliipanga mimi bila kuutazama mwezi. Kusubiri nilitaka mimi. Kule kwenye kona nilikaa juu ya jiwe nikafurahi kwamba tutachelewa, ingawa niliinuka. Nikasema, kama kuna mtu wa kufukuzwa hapa, ni mimi, na kiti hicho sikai.

Nilidhani watasema, basi Pankrasi, kaa chini, yaishe. Mzee Krispini aliinamiana na wenzake kwa muda mfupi tu. Kisha akatangaza: Mfaransa atabaki kuirudisha timu daraja lake, na mimi nimefukuzwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikuuza mechi.

Jumatano nilikwenda uwanjani saa kumi kama siku zote, nikasimama penye mstari. Beki wetu wa kushoto aliniona akaendelea kufunga kiatu, kwa muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji. Kocha akaja.

"Wewe fukuzwa," akaniambia. "Fanya nini hapa?"

"Nimekuja kuangalia mpira. Uwanja si wa kamati."

Akanitazama. Akavua filimbi shingoni, akanivisha, akaenda kukaa kwenye nyasi, akanyoosha magoti yake.